Wagonjwa Sitini na Wawili Wasiorudi

Jumatatu, 4 Novemba
Daktari Eom, bosi wetu hapa hospitalini, kafoka. Katika kila wagonjwa kumi tunaowatibu idara ya dharura na kuwaruhusu, watatu tu ndio hurudi kliniki kuchunguzwa tena. Atafungua dawati la kuwafuatilia. Atakayewarudisha wengi wiki hii ndiye mkuu wa dawati hilo. Mkuu! Mimi, Heo Jung-pyo, karani wa mapokezi miaka kumi na mmoja! Mpinzani ni muuguzi Tak Mi-ok, mgeni wa miezi mitatu. Mbinu yake? Eti kuwapigia simu mmoja mmoja. Maskini.

Jumanne, 5 Novemba
Nimewatumia wote sitini na wawili wasiorudi ujumbe mmoja: “Kuna jambo kwenye majibu yako. Njoo upesi.” Mtu hakimbilii kliniki, hukimbilia fumbo!
Saa nne. Wachache wamekuja kweli. Kwa ambulensi. Watatu presha imepanda kwa hofu. Daktari Eom akauliza ni mwerevu gani kafanya haya. Nikaitazama dari. Mi-ok naye akaitazama, kisha akanitazama mimi.

Jumatano, 6 Novemba
Adhabu: kuwapigia wote kuwaomba radhi, Mi-ok kando yangu. Mzee Pyo, mkulima wa matunda ya persimoni, alilazwa siku moja kwa maumivu ya kifua. Ujumbe wangu hakuusoma. Hata karatasi ya maelekezo hakuisoma. “Kijana, maandishi yenu kama mayai ya chawa!” Na dawa? Humeza kifua kikiuma tu. “Moyo umetulia, niusumbue kwa nini?” Nikamhutubia kuhusu wajibu wa mgonjwa. Akakata simu.
Mi-ok akampigia tena. Akamwita baba, akamuuliza mavuno. Dakika ishirini za persimoni! Nikasinzia. Mwishoni mzee akasema, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba tangu Jumapili viatu havimwingii, miguu imevimba, na usiku hulala ameketi. Mi-ok akasimama. Nami usingizi ukaniisha.

Alhamisi, 7 Novemba
Jana ileile tulimfuata kwa gari la hospitali. Basi la kijijini kwao huja siku za soko tu. Sisi tulimpangia kliniki siku isiyo na basi! Moyo ulikuwa umezidiwa, maji yamejaa mwilini. Daktari Eom anasema angechelewa siku mbili zaidi, tungeongea mengine. Leo anapumua vizuri, analalamika uji hauna chumvi. Mkewe alinishika mikono yote miwili: “Mwanangu, mmenirudishia mzee wangu.” Nikajifuta macho. Nikasingizia pilipili ya kimchi, ile kabichi yetu chachu.

Ijumaa, 8 Novemba
Mi-ok kapewa dawati. Karatasi zitaandikwa kwa herufi kubwa, kliniki itakuwa siku za soko, na kila mgonjwa atapigiwa ndani ya siku mbili. Arobaini na mmoja wameshaahidi kuja. Mi-ok kaniomba niwe msaidizi wake. “Kaka Heo, sauti yako nzuri. Ila uliza, kisha nyamaza usikilize.” Nimekubali, kwa heshima zangu zote.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimepiga simu sita asubuhi nzima. Wote wanaongea! Bibi mmoja kanisimulia binamu zake wote. Kwa mwendo huu tutazeeka. Mi-ok ameenda kula, kompyuta kaiacha wazi. Waliobaki ni ishirini na mmoja, na safari hii nimeweka furaha tupu, hofu hakuna: “Hongera! Umeshinda! Njoo na familia nzima.”
Wakiuliza wameshinda nini, nitawaambia: afya.
Nimeshatuma. Saa tisa. Huko nje naona basi limesimama, na watu wanashuka na ngoma.