Gati la Nchelenge na Ukoo wa Mvua

Jumatatu, 4 Machi 1974
Ushindi! Nimelifunga boti langu kwenye nguzo ya kati ya gati, kwa mnyororo wa lori. Rabson, mtani wangu wa ukoo wa Mvua, hataipata tena nafasi ile. Mlinzi alinionya kwamba upepo ukivuma, maboti yatie nanga mbali na gati. Nilimjibu kwamba mnyororo huu haukatiki.

Jumanne, 5 Machi
Dhoruba. Mnyororo haukukatika. Nguzo ndiyo iliyong'oka, na gati lote likaifuata. Boti limekutwa ufukweni, likiburuta nguzo. Halina hata mkwaruzo! Hakuna aliyenipongeza.

Alhamisi, 7 Machi
Malori ya samaki ya Kitwe yamerudi matupu. Wenye baiskeli wa kijiji jirani cha Kabuta wamepandisha nauli, na wanaimba. Samaki wa Mama Angèle, mchuuzi wa ng'ambo ya ziwa, wameoza mitumbwini kwa kukosa pa kushushwa. Alisimama mlangoni kwangu akauliza kama "mutu muzima" hajui kufunga boti. Akatishia kuniachia samaki wale. Ameniachia. Mke wangu Febby amehamia kwa dada yake.
Baraza ni kesho. Nikishindwa kulijenga gati, watachukua boti. Sina riziki nyingine. Lakini nina hoja.

Ijumaa, 8 Machi
Hoja ilikuwa hii: gati limevunjwa na mvua, mvua ni ya ukoo wa Mvua, basi Rabson alijenge. Sisi wa ukoo wa Udongo huwatania hivyo hata msibani, na mtani hana ruhusa ya kukasirika. Baraza zima lilicheka. Nikaketi kama mshindi.
Rabson alisimama, akavua kofia. Alisema kwamba Bwana Udongo amenena kweli: mvua ni yao, na gati atalijenga yeye na wapwa zake. Ila kila kilicholetwa ufukweni na mvua ni chao pia. Kisha akauliza, kwa adabu sana, kama yupo anayemjua mwenye lile boti.
Mwenyekiti aliniuliza kama nayafuta maneno yangu. Kuyafuta ni kulijenga gati mwenyewe. Sikuyafuta.

Jumatatu, 11 Machi
Boti limepita likielekea kisiwa cha Chisenga. Rabson alinipigia kelele kutoka humo: "Udongo, kaa mbali na maji, utayeyuka!" Sikucheka.
Febby amerudi. Anasema nishukuru kwamba sidaiwi gati, na nifunge mdomo walau hadi Pasaka.
Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kosa lilikuwa dogo: nilimshtaki asiyehusika. Mvua haing'oi nguzo. Mawimbi ndiyo hung'oa. Mawimbi ni ya ziwa, na ziwa ni nyumba ya samaki. Huko Kabuta yuko mzee wa ukoo wa Samaki, mwenye maboti mawili mazuri. Nimekwisha kuazima baiskeli. Kesho asubuhi ninakwenda kumdai.