Malengo Matatu ya Ghati

Zamoyoni alikuwa kwa kinyozi mjini Shinyanga, nusu ya uso imejaa povu, redio ilipotamka neno "fedha". Neno hilo likitajwa popote, masikio yake husimama yenyewe. Bwana mmoja mwenye sauti ya ofisini alikuwa anaeleza kwamba wanamichezo wa kiwango cha juu wasipewe tena fedha kiholela. Kuwe na mratibu, kuwe na malengo yanayopimika, na fedha itoke kwa awamu, lengo likifikiwa ndipo awamu nyingine itoke.

"Mratibu," Zamoyoni alijisemea, akilionja neno lenyewe. Wewe umewahi kujua mratibu anavaaje? Hakuna anayejua. Na kazi ambayo sare yake haijulikani ndiyo hasa aliyozaliwa nayo.

Siku tatu baadaye aliingia Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, na pikipiki yake, suti ya mtumba mwilini, mhuri wa mpira mfukoni, saa ya michezo ikining'inia shingoni. Mungu amsamehe, alipendeza.

Mwanamichezo alimpata kabla hata hajashuka. Dada mmoja mwembamba alimpita kwenye mlima, kwa miguu, pikipiki ikikohoa nyuma yake. Alikuwa Ghati, mtu wa Tarime aliyekuja kuosha mchanga wa dhahabu, na kila asubuhi alikimbia kabla ya kwenda kazini.

"Wewe unakimbilia nini?" Zamoyoni alimuuliza.

"Mashindano ya kuchagua timu ya taifa, Dar es Salaam. Yamebaki majuma saba. Sina raba, sina nauli, na nina miaka ishirini na sita. Nikikosa mwaka huu basi tena, nitaosha mchanga mpaka nizeeke."

"Dada, leo umekutana na serikali," alisema Zamoyoni.

Jioni ile aliwakusanya watu uani kwa Mzee Bujiku, mwenye mashimo matatu ya dhahabu, ambayo kule huitwa maduara. Aliwasalimia wazee shikamoo mmoja mmoja, akafungua jalada tupu, akazungumza nusu saa. Mpango wa taifa. Mbio za mita elfu tano. Malengo matatu. Wamfadhili Ghati, na kila lengo likifikiwa taifa litawarudishia mara tatu ya walichotoa.

Bujiku akakuna kidevu.

"Kumbe ni duara," alisema. "Unafukia mali ardhini, unangoja jiwe."

"Hasa, mzee wangu! Duara lenye miguu."

"Basi tufuate sheria za duara. Aliyekuja na ramani ndiye mwenye duara. Mwenye duara huwalisha wachimbaji mpaka jiwe lionekane. Sisi wenye hisa tutamwekea mifuko ya mawe ya dhahabu kila lengo likifikiwa. Fedha taslimu hatuna, tunayo mawe. Sivyo jamani?"

"Ndivyo!" ua mzima ukaitikia.

Zamoyoni alianza kulifunga jalada lake. Yeye alikuja kula, si kulisha. Lakini Bujiku akachukua jiwe moja, akaliponda, akaliosha kwenye karai mbele yake, na chini ya karai ukabaki mstari wa njano. Mfuko mmoja tu wa mawe ya namna ile ungemnunulia suti kumi. Akapiga mhuri papo hapo.

Ndipo taabu ilipoanza. Ghati alikula. Alikula maini, mayai, maharage, maziwa ya mgando, na Zamoyoni akilipa. Raba alizozitaka zilipatikana Geita mjini kwa bei ya mbuzi wawili, na betri ya saa juu yake. Siku ya jaribio la kwanza mratibu wetu alijipanga kulegeza mambo kidogo, ili lengo lifikiwe upesi na mifuko ije upesi.

"Zunguka mara kumi na mbili na nusu," alisema pale uwanja wa shule. "Ni mita mia nne hizi."

"Ni mia tatu na sitini," alisema Ghati, mikono kiunoni. "Nimepima kwa kamba. Nikienda Dar na muda wa uongo nitakayeaibika ni mimi, si wewe. Nitazunguka mara kumi na nne kasoro kidogo, na wewe hesabu sawasawa."

Akahesabu sawasawa. Afanyeje?

Lengo la kwanza, dakika kumi na nane na nusu, lilifikiwa wiki ya pili. Mifuko kumi ikaingia stoo kwa Bujiku, imeshonwa, jina la Zamoyoni juu yake. Lengo la pili, kumi na saba na nusu, wiki ya nne. Mifuko mingine kumi, na pikipiki ikauzwa, maana Ghati sasa alihitaji nauli, malazi, na kuku wa kienyeji kila Jumapili.

Lengo la tatu lilikuwa chini ya dakika kumi na saba. Siku hiyo Zamoyoni alikimbia pembezoni mwa uwanja na suti yake, akipiga kelele, "Vuta, Ghati! Vuta, mama, vuta!" mpaka sauti ikamkauka. Saa ilipogota kumi na sita na sekunde hamsini na mbili, alijikuta amepiga magoti kwenye vumbi, anacheka peke yake. Alifurahi kwelikweli, na jambo hilo lilimuudhi sana.

Ghati akapanda basi la Dar. Kesho yake alfajiri Zamoyoni alipakia mifuko thelathini kwenye kirikuu cha kukodi, hakumuaga mtu, akaipeleka Rwamgasa kusaga.

Masudi, fundi wa mashine ya kusaga mawe, alifungua mfuko wa kwanza. Akafungua wa pili. Kwenye wa tano akakaa chini.

"Kaka, nani kakupa haya?"

"Kwani vipi?"

"Haya ni magwangala. Masalia. Dhahabu ilishatoka humo zamani. Sisi haya tunafukia mashimo ya barabarani."

Zamoyoni alimpigia Bujiku simu. "Mzee! Umenipa magwangala!"

"Ee, mratibu! Uko wapi na mifuko ya taifa?" Bujiku alicheka mpaka akakohoa. "Ng'wanawane, mwanangu, siku ya kwanza tu, kabla ya mkutano, Ghati aliniambia: huyu saa yake kaivaa bila betri. Mtu wa michezo! Wengine wakataka tukufukuze. Nikasema hapana jamani, ana pikipiki."

"Na ule mstari wa njano kwenye karai?"

"Ule niliuweka mwenyewe. Nusu gramu. Na mimi nimemchangia mtoto, bwana."

Akaanza safari ya kurudi Shinyanga kwa kuomba lifti. Siku ya nane alikuwa bado Masumbwe, kibandani kwa Mama Elieth, ameshakunywa chai na chapati mbili ambazo hakujua atazilipia nini, redio ilipotangaza mbio. Ghati alikuwa wa pili. Ameingia timu ya taifa. Mtangazaji akamuuliza nani wa kumshukuru.

"Wachimbaji wa Nyarugusu," sauti ya Ghati ilihema. "Na mratibu wangu, Zamoyoni. Aliuza pikipiki yake ili mimi nikimbie."

Zamoyoni alisimama, kikombe kikaanguka. Machozi yalimtoka, ya kweli, wala hakuyapanga.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Jamani, huyo ni mimi! Mimi ndiye niliyemlisha maini!"

Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu neno la kweli namna hiyo. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mama Elieth alimtazama suti, vumbi, kiatu kilichoachama mdomo.

"Sawa, mratibu, tumekusikia," alisema, akimtupia kitambaa. "Vyombo viko kule nyuma. Nenda karatibu."