Mate ya Watu Kumi

Jumatatu, 23 Februari 2026

Madam Wanza wa biolojia ametangaza kwamba shule itapeleka mradi mmoja tu kwenye kongamano la sayansi la kaunti. Atauchagua Ijumaa. Mmoja! Katika maisha yangu nimechaguliwa mara moja, kuwa mti katika mchezo wa Krismasi. Walinichagua kwa sababu mti hausemi.

Mradi wangu ni mzuri, nakiri. Unahusu amilesi, kimeng'enya kilicho kwenye mate ya binadamu. Hukata wanga kuwa sukari hata kabla hujameza. Wazo nilipewa na Susu, nyanya yangu, bila yeye kujua. Ana kisukari. Daktari alimkataza sukari, naye ametii, chai anakunywa chungu. Halafu anakula sahani mbili za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, zilizojaa kama vilima vya Iveti. Anasema mahindi si sukari, sukari iko kwenye mkebe. Nitamwonyesha kwamba mkebe mwingine uko mdomoni.

Kazi yenyewe ni rahisi. Unachukua uji mwepesi wa wanga, unatia tone la ayodini, unakuwa mweusi. Unaongeza mate. Wanga ukishakatwa, weusi unapotea. Unahesabu dakika. Madam anataka mate ya watu kumi ili tulinganishe.

Watu kumi. Yaani niwaombe. Mimi ambaye siwezi kumwomba mtu rula.

Tracy ametengeneza jiko la jua. Limeshachemsha yai. Kila mtu ameonyeshwa lile yai.

Jumanne, 24 Februari

Nimepata mpango wa kutoomba. Nimesoma kwamba ukimwona mwenzako akila kitu kichachu, mate yanakutoka yenyewe. Mwalimu wa hesabu alichelewa. Nikakaa mbele ya darasa nikala embe bichi kwa chumvi na pilipili, polepole, nikiwatazama. Ilifanya kazi ajabu. Niliona makoo yakipanda na kushuka darasa zima.

Walimeza. Wote. Sikuwa nimefikiria kumeza.

Isipokuwa Yahye. Yahye amefunga Ramadhani, na akifunga hutema nje ya dirisha. Nilitoka mbio na mkebe wa majani chai, nikauweka chini ya lile dirisha, nikarudi kumaliza embe. Vijiko viwili vizima!

Baadaye Yahye alinifuata bombani. Akaniuliza, "Mutuku, wewe uko na roho mbaya, ama ni sayansi?" Nikasema sayansi. Akasema si ningemwuliza tu, angenipa nusu kikombe. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema kuliko mimi, aliahidi kuniletea vichupa kumi vitupu vya chanjo ya mbuzi. Baba yake ni mfanyabiashara wa mbuzi, wanavitupa kila wiki.

Jumatano, 25 Februari

Vichupa vimefika. Nimevichemsha mara mbili.

Nina mate ya mtu mmoja na natakiwa kuwa na ya watu kumi. Nimewaza sana kipindi cha historia. Amilesi ni amilesi. Sisi sote ni binadamu. Nimegawa mate ya Yahye katika vichupa tisa na kuvibandika majina ya wanafunzi tisa. Dhamiri ilinisumbua hadi saa saba, ikapakuliwa githeri, ikanyamaza.

Cha kumi nimekiacha kwa mate ya kweli, ya Susu. Nyumbani naweza kuomba. Jioni nikaomba. Susu alikishika kichupa kama kombamwiko. Alisema mate ya mtu mzima hayafungiwi kwa chupa ya mbuzi. Mate ni ya kubariki. Akanivuta karibu, akanitemea kifuani, thu, kama alivyonifanyia nikiwa mchanga, akanitakia nishinde.

Nilishukuru. Nilikwenda nyuma ya mlango nikaikwangua baraka kwa rula. Matone mawili, na nyuzi za sweta.

Nimepima vyote. Vya wanafunzi vimechukua dakika nne na sekunde kumi, kila kimoja. Usahihi ulioje! Cha Susu kimegoma kabisa.

Alhamisi, 26 Februari

Siku mbaya kuliko zote, pamoja na ile ya mti.

Nilibakiza mate kidogo katika kila kichupa ili nimwonyeshe Madam. Kimeng'enya hufanya kazi vizuri kwa joto la mwili, kwa hivyo nilivibana kwapani, vitano kulia, vitano kushoto. Nilitembea kama kuku mwenye mayai. Mwalimu wa zamu aliniuliza kama nimeumia. Nilisema nawaza.

Gwarideni Madam Wanza akasema wenye miradi wainue mikono. Niliinua.

Kilianguka kimoja tu. Kilibingirika hadi kwenye kiatu cha Tracy. Alikiokota, akasoma jina lake, akasoma tena. Akaniuliza mbele ya shule nzima, "Mate yangu inafanya nini kwa kwapa yako?"

Kufikia saa nne kila mtu alijua kwamba Mutuku wa Kidato cha Tatu anamwekea Tracy kamuti, uchawi wa Kikamba, ili ampende. Wasichana wanafunika vikombe kwa madaftari. Dawati langu liko peke yake kama kisiwa. Henry amenifuata chooni kunong'ona kama kuna kamuti ya mtihani wa kemia.

Ukweli ungeniokoa mara moja. Yale mate si ya Tracy. Lakini ukweli huohuo ungeua mradi. Nilipaswa kuchagua, niwe mchawi au niwe mwongo. Nimechagua mchawi. Mchawi bado anaweza kwenda kaunti.

Ijumaa, 27 Februari

Madam Wanza ameyasoma matokeo yangu mbele ya darasa. Alisema hajawahi kuona kitu kama hiki, wanafunzi tisa mapacha, na wa kumi sweta. Akauliza haya mate nimeyapata wapi. Tracy akasema yeye hajanipa, na mama yake amepiga simu kwa pasta.

Yahye akasimama. "Madam, hiyo ni yangu. Yote. Tracy, tulia, hakuna mtu amechukua kitu yako."

Darasa lilicheka hadi dirisha likatetemeka. Tracy peke yake hakucheka. Nilidhani atafurahi kwamba hakuna kamuti. Badala yake alitaka kujua kwa nini ya Yahye, na yake iko na shida gani. Akachukua kichupa akatema palepale. Madam akapima. Dakika mbili na nusu! Sasa anamwambia kila mtu. Yai limesahaulika.

Madam akanipa saa moja. Tayari nilikuwa na Yahye na Tracy. Niwaombe wengine wanane tu, kwa mdomo wangu, na nafasi ni yangu. Darasa lilikuwa tayari, Henry hata alikuwa ameanza kukusanya mashavuni. Nilisimama mbele. Nilifungua mdomo. Mdomo wangu ulikuwa mkavu kama mto wa Machakos mwezi wa Septemba. Hata mimi mwenyewe nisingeweza kuwa sampuli.

Kengele ikalia.

Tracy anakwenda kaunti na jiko lake. Madam aliniita kando, akasema kwa upole, "Mradi wako ndio ulikuwa unashinda, Mutuku. Ilikuwa kuuliza tu."

Nyumbani nilimsihi Susu atafune muthokoi bila kumeza, hadi nihesabu mia moja. Alitafuna. Macho yakamtoka. Akakubali kwamba ni kweli, yanakuwa matamu. Kisha akaongeza sahani, kwa kuwa hakujua siku zote alikuwa anameza kabla ya utamu.

Jumapili, 1 Machi

Nimetafakari makosa yangu kwa utulivu, na nimeyaelewa. Kosa lilikuwa mate. Watu wana wivu na mate yao.

Machozi je? Machozi yana kimeng'enya kinachobomoa ukuta wa bakteria, na ukuta huo umejengwa kwa minyororo ya sukari. Ni mradi bora wa mwaka ujao. Na Jumamosi kuna mazishi huko Wamunyu, ya jamaa ya Susu ambaye sikumjua. Nitakaa karibu na kwaya ya akina mama na kugawa vitambaa vyeupe vya pamba, kama mtoto mwenye adabu. Baadaye nitavikusanya, eti nikavifue.

Yahye anasema niwaulize wafiwa kwanza. Yahye si mwanasayansi.

Vichupa nimevichemsha. Majina nimeshabandika.