Katibu wa Pazi Alivyompelekea Mkwe Turubai

Bagamoyo nzima hakuna anayeendesha kenta kama mimi, na hakuna mwenye mdomo kama Pazi! Mimi niliishia darasa la sita, sikatai, lakini sijawahi kumliza mtu msiba wa mzee aliye hai. Pazi mwenye vyeti vyake ndo kaweza. Tena marehemu mwenyewe yuko kwa kinyozi, ananyolewa!

Pazi anakodisha maturubai, viti na masufuria pale Nianjema. Evelyn, binti wa mwalimu Polikarpo, anatengeneza programu za simu huko Dar. Akamwekea Pazi akili mnemba ijibu wateja badala yake. Pazi akaiita Katibu. Toka siku hiyo tukakoma!

"Waziri ana katibu, na mimi nina katibu. Tofauti yetu bendera tu!"

Evelyn akamwambia, "Kaka Pazi, Katibu ana vitufe vitatu: Jibu Bei, Andika Oda na Tuma Gari. Kila kimoja kiandikie maelezo. Kinafanya nini, kitumike lini, kisitumike lini. Andika kama karatasi ya dawa. Yeye hakujui wewe wala viti vyako, anajua ulichoandika tu."

"Mimi wa kufundishwa kuandika? Insha yangu ilisomwa mbele ya wazazi shule nzima!"

Basi fundi wa insha akakaa. Jibu Bei akaiandikia: "Ya kawaida." Andika Oda: "Ipo ipo." Ikafika Tuma Gari, ile inayoniletea mimi amri nipakie niondoke. Hapo kalamu ikapandwa na mashetani: "Hii ndo funga kazi! Mteja awe na shida yoyote, hii inamaliza. Pazi hajaribiwi!"

Nikamuuliza, "Bosi, lini isitumike?"

"We darasa la sita, shika usukani. Katibu akisema nenda, unaenda. Hakuna maswali."

Haya.

Jumatatu mtu wa Fukayosi kauliza, "Mna meza?" Nikatumwa na meza arobaini! Jumanne mama mmoja wa Miono kasalimia tu, "Habari za asubuhi." Kenta! Yule mama kalitazama turubai, kanitazama mimi, akanipa uji, nikarudi. Jumatano mtu kakosea namba, anatafuta fundi cherehani. Nikampelekea masufuria sita mpaka Chalinze.

Pazi anajipiga kifua. "Unaona gari linavyozunguka? Hiyo ndo biashara!"

Sasa huyu Pazi alikuwa kapeleka posa kwa Mzee Abdala, baba yake Zuwena. Mzee huyo kagawa dawa dirishani hospitali miaka thelathini, hataki mchezo. Jibu lingetoka Ijumaa. Zuwena kamwonya Pazi, "Baba anataka mtu makini. Mpaka Ijumaa nakuomba, usifanye kituko." Pazi kaapa kwa vidole vyote kumi. Hali, halali, kila saa Zuwena, Zuwena.

Alhamisi asubuhi Mzee Abdala akatuma ujumbe: "Asalaam aleikum. Viti kumi vya washenga kukalia kesho, bei gani?" Akafunga mlango, akaenda kunyoa.

Katibu akasoma maelezo yake. Akaniamuru: turubai kubwa, viti mia tatu, masufuria manane. Nenda!

Nikaenda. Hakuna maswali, si ndo alivyosema? Mimi na wapakiaji wangu tukasimamisha turubai mbele ya nyumba, tukapanga viti, safi kabisa.

Na mtaani kwetu, turubai likisimama ghafla kwa mzee, harusi haijatangazwa, mlango umefungwa, nani anauliza? Watu wanalia kwanza, habari watapata humo humo! Nusu saa tu kina mama wamejaa na khanga zao, Muhidini wa nyumba ya pili kaja na sepetu begani. "Jana tu kanisalimia!" analia. Mimi pia nikaanza kulia. Ningejuaje?

Mara huyoo Mzee Abdala, kipara kinang'aa.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, nimejificha nyuma ya sufuria.

"Marahaba. Nani kafa kwangu?"

Bi Mwanamvua, aliyekuwa akilia kuliko wote, akadondosha mtandio. "Umekufa wewe!"

"Mimi?"

"Ndiyo! Na mimi nimetoka Kaole kwa bodaboda, niache nilie kidogo!"

Pazi akaja mbio, akapiga magoti katikati ya viti mia tatu. "Baba, ni Katibu!"

"Katibu kasoma alichoandikiwa," Mzee akasema. "Aliyeandika nani?"

Wote tukamgeukia Pazi. Bi Mwanamvua akamnyooshea kidole.

"Lete simu."

Mzee akavaa miwani, akakaa chini ya turubai la msiba wake, akaandika upya yote. Tuma Gari: gari litoke baada ya mteja kuthibitisha idadi, mahali na siku. Lisitoke kwa salamu. Lisitoke kwa swali la bei. Akamaliza vitatu, akaongeza cha nne kimya kimya, akarudisha simu.

Kuanzia hapo Katibu kanyooka kama rula. Anajibu bei, anaandika oda, mimi nalala mchana.

Ijumaa washenga wakarudi kutoka kwa Mzee, wanakohoa tu. Pazi akajifungia ofisini, akamwandikia Katibu: "Nitungie maneno matamu ya kumwomba Mzee Abdala aniozeshe Zuwena."

Katibu akajibu papo hapo:

"Samahani, haiwezekani. Maelezo yanasema: Pazi. Hutumika kubeba viti. Asitumike kuoa. Weka mbali na Zuwena."