Mizuka Themanini na Watano Warudi Kwao

Jumatatu, 11 Agosti

Honoka amefika! Mjukuu wangu, miaka minane, kapengo mbele, macho yote kwenye kidude cha gemu. Nilimpikia maharage matamu, akala bila kutazama bakuli.

Mama yake, binti yangu Chizuru, kabla ya kurudi Sendai alininong'oneza mlangoni: wameamua mtoto achague mwenyewe pa kusherehekea Mwaka Mpya. Kwangu, au kwa Masayo, bibi yake wa upande wa baba. Atasema siku ya kuondoka, Jumatatu ijayo. Wiki moja tu!

Gemu lenyewe kanunua Masayo. Ni la mizuka ya kale. Mtoto anazunguka vijiji vya humo ndani akifanya urafiki na mizuka, mmoja mmoja. Honoka anao themanini na sita. Masayo hucheza naye. Mwanamke wa miaka sitini na mbili!

Haya. Mimi shule niliishia ya kati, lakini mizuka naijua. Bibi yangu alinilea nayo. Masayo ataniambia nini?

Jumanne, 12 Agosti

Nilimwomba Honoka anipe zamu. Akanipa, akakaa kando kuona kituko.

Darajani akatokea kappa, yule wa mtoni mwenye kisahani cha maji utosini. Nikacheka moyoni. Kila mtu hapa anajua dawa ya kappa: msujudie kwa adabu. Naye ni mwenye adabu, atainama kukujibu, maji yamwagike, nguvu zimwishe. Nikaweka kidude kwenye meza, nikapiga magoti, nikainama mpaka paji likagusa mkeka. Nikangoja. Nikasikia ngumi. Nikainama tena, kwa heshima zaidi. Ngumi tena. Miwani ikaanguka.

Honoka alikuwa chini anagaagaa kwa kicheko. Akasema, "Bibi wee! Kuinama ni kwa kitufe, si kwa kiuno chako!"

Nimeshindwa na kappa. Lakini mtoto amecheka. Ninaandika huku nimefunga kitambaa cha moto kiunoni.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya kuwapokea wafu. Tuliwasha moto mdogo mlangoni ili roho ya marehemu mume wangu Yasuo isipotee njia. Honoka alimtengenezea farasi wa tango wa kumpanda aje haraka, miguu ya vijiti. Akauliza kama Babu atakaa nasi kwa muda gani. Nikamwambia mpaka Jumamosi, kisha tunamsindikiza arudi kwao. Kumng'ang'ania mfu baada ya hapo ni dhambi, hapati raha.

Jambo jingine. Nimeona kwenye gemu kuna mizuka wabaya pia. Nikaenda hekaluni, Mtawa Ryokai akanipa hirizi ya karatasi ya kufukuza pepo. Nimeibandika chini ya kidude kwa wali wa kunata. Honoka hajui. Atashangaa atakavyoshinda!

Alhamisi, 14 Agosti

Kidude kimezima. Hirizi nilikuwa nimeibandika juu ya tundu la kuchajia, na wali umeingia ndani. Nimeutoa kwa sindano asubuhi nzima, kama mganga wa meno. Kimewaka. Lakini lazima niseme ukweli, hirizi ya Mtawa ina nguvu. Ilifukuza mizuka wote kwa saa kumi na nne.

Masayo kapiga simu. Sauti ya asali. Akaniuliza, "Dada Sumie, nasikia nawe unacheza. Umefika ngazi ya ngapi?" Nikamjibu nyumba yangu haina ngazi, yote ni ya chini. Akacheka sana. Kumbe ni ngazi za gemu. Yeye yuko ya arobaini. Na Mwaka Mpya atampeleka mtoto kwenye chemchemi za maji moto. Mimi nina bafu ya mbao na bomba linalokoroma.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku ya kuwasindikiza wafu. Honoka alikwenda mtoni na watoto wa jirani tangu mchana. Nikachukua kidude ili nimpatie mzuka mpya, nimshangaze.

Nikapotea. Nikajikuta kwenye orodha ya mizuka wake wote. Nikambonyeza mmoja. Yakatokea maandishi ya kitoto, hata mimi nayasoma: "Je, umwachie arudi kwao?"

Mwili ukanisisimka. Leo! Siku yenyewe! Roho themanini na sita zimefungiwa ndani ya kisanduku, kila nyumba mtaani inasindikiza wake, na hawa wanangoja mtu mmoja tu mwenye imani abonyeze "Ndiyo". Nani amenileta kwenye ukurasa huu kama si Buddha mwenyewe?

Nikaleta daftari langu la kunakili sala. Kila mmoja nikaandika jina lake, nikamwombea, nikabonyeza. Wote walinipungia mkono. Mbweha mweupe aligeuka mara mbili. Nililia. Kazi ilinichukua saa mbili na nusu, mpaka kidole kikavimba. Wa mwisho, mwavuli mzee mwenye jicho moja na mguu mmoja, gemu likakataa: lazima abaki rafiki mmoja. Sawa, mzee, kaa.

Sijawahi kuhisi amani hivi.

Jumapili, 17 Agosti

Maskini mimi.

Honoka hakupiga kelele. Ndilo lililoniua. Alitazama kile kidude, akauliza kwa sauti ndogo, "Wako wapi?" Nikamweleza. Wafu, Jumamosi, dhambi. Akaniambia hawakuwa wafu, walikuwa marafiki zake, miaka miwili amewatafuta. Akajifungia chumbani.

Nikakimbia kwa Mtawa Ryokai, nimuulize kama nimetenda mema au mabaya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, hata mbweha mweupe? Nikasema hata yeye. Akashika kichwa. Kumbe naye anamtafuta tangu mwezi wa nne!

Nilirudi, nikasukuma daftari chini ya mlango wa Honoka. Sikuwa na kingine. Baada ya muda mrefu mlango ukafunguka kidogo. Akauliza kama kweli niliwaombea wote, mmoja mmoja, kwa majina. Nikamwambia hata yule anayelamba dari. Akafuta pua kwa mkono. Akasema huyo hupatikana kwenye nyumba yenye vumbi, njoo nikuonyeshe.

Kufikia jioni tumempata. Na wengine watatu.

Jumatatu, 18 Agosti

Chizuru kaja kumchukua. Akamuuliza: Mwaka Mpya ni wapi? Honoka akajibu haraka, kama mtu mwenye kazi, kwamba bado mizuka themanini na mmoja, Bibi ndiye mwenye daftari, na Bibi Masayo angoje. Kwangu! Akanifokea nisiguse kitufe chochote asipokuwepo. Nikaapa.

Wamekwenda. Nimekaa na daftari nikipiga hesabu. Mtoto ana mkono mwepesi. Mwezi wa kwanza tutakuwa tumewapata tena wote, na likizo ya mwezi wa tatu Masayo atamnyakua.

Ila mwezi huo wa tatu kuna sikukuu nyingine ya roho za wafu. Nimeangalia kalenda ya hekalu. Kuwaachia mapema kidogo, tuseme tarehe nne ya Januari, hakuwezi kuwa dhambi. Asiyewahi ndiye mwenye dhambi.

Nami njia ya kwenye ile orodha sasa naijua.