Bushi za Mkoko

Wananchi wote wa Kibiti, wa barabarani na wa deltani, wenye miti na wasio nayo, walitangaziwa Julai mwaka 1994 kwamba kuanzia siku hiyo kila kilichowahi kuwa mti kitaendelea kuwa mti.

Tangazo lilibandikwa sokoni, stendi na kwenye geti la ukaguzi lililoziba barabara ya Dar. Alilitunga na kulisaini Bwana Fabiani, Mkuu wa Kituo cha Udhibiti wa Mazao ya Misitu, na nia yake, tumtendee haki, ilikuwa njema. Mikoko ya delta ilikuwa inamalizika. Boriti zilipita Kibiti kwa malori kwenda Dar, na wajanja walikuwa wakiuchonga mti ukawa kitu kingine ili usikamatwe. Sasa ujanja basi! Kitanda ni mti. Mwiko ni mti. Atakayetaka kupita nao getini aje na kibali kilichosainiwa na Mkuu wa Kituo, na asisaini mtu mwingine yeyote, hata akiwa waziri.

Kazi ikaanza mara moja. Mwanaharusi, mama ntilie wa pale getini, alinyang'anywa miiko mitatu. Mzee Bushiri wa Mahege aliacha mkongojo wake kwa mlinzi akaendelea na safari ameshikwa mkono na mkewe. Mlinzi mwenyewe alimwonea mtu huruma, akampitisha na mchi, akafukuzwa kazi siku ileile. Nafasi yake akapewa Elinipendo, binti kutoka Same, aliyelijua tangazo lote kwa moyo, nukta na mikato yake.

Shida ilikuwa gari. Landrova ya kituo ilikuwa na miaka ishirini na miwili, na bushi za springi zake, ile mipira inayozuia chuma kisigonge chuma, zilikuwa zimekwisha kabisa. Kodo, kodo, kodo! Ikiwa bado iko mbali huko kwenye mikorosho, mji mzima umeshajua Mkuu anakuja. Wapakiaji wa boriti waliisikia, wakasukuma mzigo porini, wakasimama kando ya barabara wakisalimia kwa heshima zote. Bwana Fabiani akaandika ripoti kwamba uhalifu umekoma kutokana na elimu kwa umma.

Getini nako palikuwa na utaratibu wake. Elinipendo akisikia kodo, kodo, anainua kizuizi mapema, Mkuu asije akapunguza mwendo. Gari jingine lolote lisimame likaguliwe.

Bwana Fabiani aliomba bushi makao makuu kwa barua yenye nakala nne. Jibu lilikuja limepigwa chapa vizuri: "Katika mazingira ya sasa ya soko huria, Serikali imejitoa katika bushi. Soko lenyewe litakufikia hapo ulipo." Akalisubiri soko miezi mitano. Alimwagiza hata Elinipendo kwamba soko likifika getini asilisumbue kwa maswali.

Kilichofika ni barua ya pili. Watumishi walikuwa wanapunguzwa nchi nzima. Kila mkuu wa kituo aendeshe gari la kituo chake hadi Dar, Ijumaa saa nane mchana, mbele ya kamati. Asiyefika na gari linalotembea, atapunguzwa.

Bwana Fabiani aliisoma mara tatu. Aliogopa, tena aliogopa hasa. Ana watoto wawili sekondari ya bweni, na kulima alikuwa amekusahau tangu darasa la saba. Alhamisi asubuhi akaipeleka Landrova, kodo, kodo, kwa fundi Mshamu, nyuma ya stendi.

Mshamu akaingia uvunguni, akatoka na unga mweusi kiganjani.

"Bwana Afisa, bushi zako ndizo hizi."

"Itafika Dar?"

"Gari hili? Hata Mkuranga huioni. Springi itachomoka, wewe uende zako porini na usukani mkononi."

"Sasa?"

"Mpya hamna mji huu. Labda nikuchongee za mti. Kiini cha mkoko, nikilowekee oili chafu, kinakaa. Mie nimeshawafungia watu wengi." Akakohoa kidogo. "Zamani, kabla ya tangazo."

Bwana Fabiani alitazama huku na huku. Kisha akasema, kwa sauti ya ofisini, kwamba uani mwa kituo kuna boriti zilizokamatwa, na kwamba kipande kimoja kinaweza kutumika kwa dharura ya kiutawala.

"Kibali je?" akauliza Mshamu. "Maana kilichowahi kuwa mti..."

"Mshamu! Hiyo ni spea. Wewe chonga."

Mshamu akachonga. Alipiga jeki, akafungua springi, akachoma mabaki ya mpira kwa moto, akatoboa mikoko, akaigongomea kwenye macho ya springi, moja moja, bushi nane. Nusu ya Kibiti ilipita pale siku hiyo kuomba moto wa sigara. Jioni Bwana Fabiani alilijaribu gari hadi sokoni na kurudi. Kimya! Halikutoa hata mlio mmoja. Alitabasamu peke yake mle ndani kama bwana harusi.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, suti mwilini, ripoti pembeni, akalishusha gari kwa kasi kuelekea getini. Kizuizi hakikuinuka. Akafunga breki boneti ikikaribia kukigusa.

"Elinipendo! Hunioni ni mimi?"

"Shikamoo, Mkuu. Wewe nakuona. Gari ndilo silijui. La kwako linagonga."

"Limetengenezwa!"

"Hongera, Mkuu. Kuna zao lolote la misitu?"

"Hakuna!"

Mwanaharusi alikuwa akikaanga maandazi pale kando. Hakugeuza hata shingo. "Muulize habari za bushi, mwanangu."

Elinipendo akapiga magoti, akachungulia uvunguni, akakaa huko kidogo. Alipoinuka alijipangusa magoti.

"Mkuu, huku chini kuna mikoko minane."

"Inua hicho kizuizi, binti!"

"Mkuu, aliyenitangulia ulimfukuza kwa mchi mmoja," akasema. "Hii ni minane. Mimi nina mama Same."

Kumfukuza pale pale aliweza, lakini nani angeinua kizuizi? Ufunguo wa kufuli la kizuizi alikuwa nao Elinipendo. Bwana Fabiani akatoa kitabu cha vibali, akasaini juu ya boneti. Elinipendo akakipokea kwa mikono miwili, akakisoma.

"Kifungu cha sita cha tangazo, Mkuu. Mzigo ushushwe kwanza, upimwe, ndipo kibali kisainiwe."

"Mjinga gani aliandika hivyo?"

Elinipendo, kwa adabu, akamwonyesha kwa kidole saini iliyo chini ya tangazo.

Mshamu akaitwa. Akaja alipomaliza chai. Akazigonga bushi zikatoka, mbili zikapasuka, zote zikapangwa mezani na kupimwa urefu, unene na tundu. Saa nane kamili, kamati ya Dar ilipokuwa ikiandika kwamba Bwana Fabiani hakufika, yeye alikuwa na kibali halali kisicho na dosari, na gari lililokaa juu ya mawe.

Wiki iliyofuata kamati ikaja yenyewe. Ilisoma kitabu cha geti, ikaliona gari, ikashangaa sana. Mwenyekiti akasema kituo ambacho mlinzi wake anamkamata hata mkuu wake hakihitaji gari, tena hakihitaji mkuu. Elinipendo akabakizwa. Cheo cha Mkuu wa Kituo kikafutwa kwa manufaa ya umma.

Jumatatu Bwana Fabiani akafika getini kwa miguu, na sanduku lake la mbao kichwani, kusubiri basi upande wa pili.

"Shikamoo, baba," akasema Elinipendo. "Sanduku lina kibali?"

Akalitua. Hakubishana, alilijua tangazo. "Nipe fomu nijaze. Anasaini nani?"

"Mkuu wa Kituo peke yake."

"Na Mkuu wa Kituo ni nani siku hizi?"

"Hayupo, baba. Cheo kimefutwa."

Basi la Dar likapiga honi upande wa pili wa kizuizi. Bwana Fabiani akakaa juu ya sanduku lake, akauliza kwa upole kama kuna mtu anajua cheo kitarudishwa lini.