Chanzo cha Vita vya Ghuba, kwa Mfano wa Kanyakine

Ijumaa, 18 Januari 1991
Vita vimeanza Ghuba, na Meru nzima imegeuka jenerali. Bosi Kirimi, mwenye kijigazeti chetu, anataka makala ya chanzo: kwa nini Iraki iliivamia Kuwaiti mwaka jana? Atakayeandika vizuri ndiye mhariri mpya. Ni mimi au Karambu. Karambu! Mgeni kazini, na tayari amejifungia maktabani na rundo la magazeti ya zamani. Maskini. Chanzo hakisomwi, kinajulikana.

Jumamosi, 19 Januari
Nimepata! Mkulima wa hapa ataijuaje Kuwaiti? Atolewe mfano. Kwetu Kanyakine, Mzee Mutegi aling'oa miti ya mpaka akaipanda upya katikati ya kahawa ya jirani yake, Mzee Kithaka. Basi Mutegi ni Iraki. Kithaka ni Kuwaiti, mnono na mnyonge. Nimewataja kwa majina, gazeti ni ukweli. Karambu anahangaika na visima vya mafuta na mipaka ya wakoloni. Nani atasoma hayo?

Jumatatu, 21 Januari
Makala yangu imetoka. Nakala zimekwisha kabla ya saa sita! Nimekikagua kiti cha mhariri. Mguu mmoja umelegea. Nitadai kingine.

Jumanne, 22 Januari
Mutegi kaja ofisini na panga. Aliuliza, "Wee Misheck, mimi nikiwa Iraki, wewe ni nani?" Nilikuwa nishapita dirishani. Kithaka ndiye mkali zaidi. Shamba halimuumi tena, anataka aliyemwita mnyonge. Watu wasiosalimiana miaka yote hii, leo wamekuja pamoja! Umoja wa Mataifa umeshindwa kupatanisha, mimi nimeweza kwa safu mbili. Shukrani? Hakuna.

Jumatano, 23 Januari
Wazee wa Njuri, baraza letu la Wameru, wamenitoza kondoo dume. Mutegi na Kithaka wamemla wakicheka. Makala ya Karambu imechapishwa, ati hatimaye watu wameelewa vita. Yeye ndiye mhariri. Imeniuma, sitaficha. Mimi nimetupwa kwenye matangazo ya vifo, na Kirimi ameonya nisiongeze hata neno.

Alhamisi, 24 Januari
Hizi tanzia ni kavu mno! Fulani amefariki, basi. Msomaji anataka chanzo! Leo imeletwa ya mama mkwe wa Kirimi mwenyewe. Ati aliugua kwa muda mfupi. Muda mfupi! Mji wote unajua huyo mama aliuawa na ubahili wa mkwe wake. Nimeanzia kwenye mahari.